Hisa Mkononi, Kura Mfukoni mwa Nani? Wafanyakazi wa France Télécom na Somo la Umiliki

Mwaka 1967 nchi mbili zilizotofautiana kwa historia, utajiri na itikadi zilijaribu kujibu swali moja. Mwezi Februari TANU ilitangaza Azimio la Arusha, na katika siku zilizofuata mabenki na makampuni makubwa yakataifishwa. Tarehe 17 Agosti mwaka huohuo, serikali ya Jenerali Charles de Gaulle huko Ufaransa ilitoa amri ya kisheria iliyozilazimu kampuni zenye wafanyakazi zaidi ya 100 kuwagawia wafanyakazi wao sehemu ya faida. Swali lilikuwa hili: mfanyakazi ana nafasi gani katika mali anayoizalisha? Dar es Salaam ilijibu kwamba mali iwe ya umma, na dola iishike kwa niaba ya wakulima na wafanyakazi. Paris ilijibu kwamba mali ibaki mikononi mwa wenye mtaji, ila mfanyakazi apewe kipande chake.

Katika vyuo vyetu jibu la kwanza tumelisoma, tumelisifu na kulikosoa kwa miaka mingi. Jibu la pili hatulisomi. Naliona hilo kuwa pengo kubwa, kwa sababu tangu miaka ya 1990 tunaishi ndani ya jibu la pili. Tunazungumzia soko la hisa, ubia na wawekezaji, na asilimia kadhaa za huyu na asilimia kadhaa za yule, huku historia ya lugha hiyo hatuijui. Makala haya yanajaribu kuziba sehemu ya pengo hilo kwa kuifuata kampuni moja, France Télécom, ambayo leo inaitwa Orange. Hoja yangu ni kwamba hisa na sauti ni vitu viwili tofauti. Sheria inaweza kumpa mfanyakazi hisa kwa siku moja. Sauti haipatikani hivyo. Hupatikana kwa kujipanga, na tena kwa miaka mingi.

Tuanze na de Gaulle. Yeye hakuwa msoshalisti. Aliamini kwamba ubepari ukiachwa ulivyo utazaa mgongano wa kitabaka usiokwisha, na kwamba ukomunisti nao utamnyima mtu uhuru. Njia aliyoitafuta katikati aliiita ushirikishwaji. Hatua ya kwanza ilikuwa amri ya Januari 1959, iliyoruhusu kampuni kwa hiari yao kuwashirikisha wafanyakazi katika matokeo ya biashara. Kwa kuwa ilikuwa hiari, waliojitokeza walikuwa wachache. Mwaka 1965 mbunge Louis Vallon, mfuasi wa de Gaulle wa mrengo wa kushoto, alifanikiwa kuingiza katika sheria kifungu kilichoitaka serikali ilete mswada kuhusu haki ya wafanyakazi katika ukuaji wa mali za kampuni. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuelewa: kampuni inapojenga kiwanda kipya kwa faida yake yenyewe, faida hiyo imetoka pia katika jasho la wafanyakazi, kwa hiyo kwa nini kiwanda kipya kiwe cha wanahisa peke yao?

Waajiri walipinga. Vyama vya wafanyakazi navyo, hasa CGT, vilitazama jambo hili kwa shaka, vikiona ni mtego wa kumfanya mfanyakazi ajione bepari mdogo na kusahau mapambano ya mishahara. Amri ya 1967 ilipotoka, makali ya Vallon yalikuwa yamekwisha kupunguzwa. Mfanyakazi alipewa sehemu ya faida, tena ikafungiwa kwa miaka mitano. Katika uamuzi hakupewa sehemu. Miezi tisa baadaye, Mei 1968, mamilioni ya wafanyakazi wa Ufaransa waligoma, na viwanda vingi vikakaliwa na wagomaji. Mgawo wa faida pekee haukuwa umewatosheleza.

Sura ya pili ilifunguka mwaka 1986. Serikali ya mrengo wa kulia ilipoanza kuuza mashirika ya umma, waziri wa fedha Édouard Balladur alihakikisha sheria ya ubinafsishaji ya Agosti 1986 inatenga asilimia 10 ya hisa zinazouzwa kwa ajili ya wafanyakazi, tena kwa bei yenye punguzo. Saint-Gobain ilikuwa ya kwanza, na Société Générale ikafuata mwaka 1987. Kwa maoni yangu, asilimia hiyo 10 ilikuwa na kazi mbili. Ilikuwa zawadi, na ilikuwa pia bei ya ukimya, kwani mfanyakazi aliyenunua hisa za shirika linalouzwa hupata ugumu wa kuandamana kupinga kuuzwa kwake.

Hapo ndipo France Télécom inapoingia. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa idara ya serikali, na wafanyakazi wake walikuwa watumishi wa umma. Sheria ya Julai 1996 iliigeuza kuwa kampuni ya hisa, ila waliokuwa watumishi wa umma wakaachiwa hadhi yao. Oktoba 1997 serikali ya kisoshalisti ya Lionel Jospin iliuza sehemu ya hisa zake sokoni. Wafaransa karibu milioni nne walinunua, na miongoni mwao walikuwamo wafanyakazi wengi wa kampuni yenyewe waliopewa masharti nafuu. Mtumishi wa umma aliyekuwa akipanda nguzo za simu akawa, kwa wakati mmoja, mwajiriwa wa dola, mfanyakazi wa kampuni na mmiliki wake.

Lakini alimiliki vipi? Wafanyakazi wengi wa Ufaransa hawashiki hisa za kampuni yao moja kwa moja. Fedha zao huwekwa katika mfuko wa pamoja wa kampuni, na mfuko huo ndio unaonunua na kushika hisa. Mfanyakazi anamiliki vipande vya mfuko, na akiba yake kwa kawaida hufungwa kwa miaka mitano. Siku ya mkutano mkuu, aghalabu mpiga kura huwa ni baraza la usimamizi la mfuko. Katika mabaraza hayo, kwa miaka mingi, waliketi wawakilishi wa wafanyakazi pamoja na wawakilishi wa menejimenti. Mtu anaweza basi kuwa na hisa mkononi huku kura yake ikishikwa, kwa sehemu, na bosi wake. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 2019 ilikuja kuubana mkono wa menejimenti ndani ya mabaraza hayo, lakini tunazungumzia zaidi ya miaka 50 baada ya amri ya de Gaulle.

Kilichofuata France Télécom kinaonyesha hatari ya umiliki usio na usemi. Hisa iliyouzwa kwa faranga 182, yaani takriban euro 28, mwaka 1997, ilifikia euro 219 Machi 2000. Kwa miezi michache mafundi na makarani walijiona matajiri. Mwaka huohuo uongozi uliinunua kampuni ya simu za mkononi ya Orange kutoka Vodafone kwa takriban euro bilioni 40. Kwa kuwa sheria iliitaka dola ibaki na hisa nyingi, kampuni haikuweza kulipa sehemu kubwa kwa kutoa hisa mpya, ikakopa. Soko la teknolojia lilipoporomoka, deni lilibaki pale pale. Mwishoni mwa Septemba 2002 hisa moja iliuzwa kwa chini ya euro 7. Hasara ya mwaka ule ilizidi euro bilioni 20, deni likakaribia bilioni 70, na mkuu wa kampuni akajiuzulu. Tazama tena tarehe: akiba ya miaka mitano iliyowekwa vuli ya 1997 ilifunguliwa vuli ya 2002, wakati ambapo bei ilikuwa shimoni.

Mwanahisa wa kawaida akipoteza, amepoteza akiba. Mwanahisa ambaye ni mfanyakazi anaweza kupoteza akiba na kazi kwa pigo moja. Yeye ameweka mayai yake yote katika kapu ambalo halibebi mwenyewe.

Katika mazingira kama hayo ndipo unapoonekana umuhimu wa vyama vya wafanyakazi-wanahisa. Ifahamike kwamba hivi si vyama vya wafanyakazi vya kawaida, wala si idara za kampuni. Ni vyama vya hiari vinavyoundwa chini ya sheria ya Ufaransa ya mwaka 1901 kuhusu vyama, na mara nyingi huwakusanya waliomo kazini pamoja na wastaafu. Ndani ya France Télécom kipo chama cha kutetea akiba na hisa za wafanyakazi kiitwacho ADEAS, kinachofanya kazi kwa ukaribu na chama cha wafanyakazi cha CFE-CGC. Kazi za vyama hivi hazina mbwembwe. Wanachama husoma hesabu za mwaka na kuzieleza kwa lugha ambayo fundi ataielewa, hukusanya hati za uwakilishi ili kura zilizotawanyika zipigwe pamoja, huandika maswali ambayo bodi inalazimika kuyajibu katika mkutano mkuu, na husimamisha wagombea katika mabaraza ya mifuko. Kidole kimoja hakivunji chawa, na hisa kumi za karani mmoja hazimtishi mkurugenzi yeyote.

Sheria nayo ilifungua milango kidogo kidogo. Mwaka 1994 wanahisa wa muda mrefu waliruhusiwa kuunda vyama vyenye haki maalumu mbele ya kampuni, mradi wafikishe kiwango fulani cha kura. Sheria ya Desemba 2006 iliagiza kwamba kampuni iliyoorodheshwa sokoni ambayo wafanyakazi wake wanamiliki zaidi ya asilimia 3 ya mtaji iwe na mjumbe wa bodi anayewakilisha wafanyakazi-wanahisa. Mwaka 2014 sheria nyingine iliweka kura mbili kwa kila hisa iliyosajiliwa na kushikwa kwa miaka miwili, isipokuwa kampuni yenyewe ikatae. Mfanyakazi, ambaye kwa kawaida hauzi haraka, akanufaika.

Je, sauti hiyo imefanya nini? Sitaki kuipamba. Kati ya 2006 na 2008 uongozi wa France Télécom uliendesha mpango wa kuondoa watu 22,000. Wengi walikuwa na hadhi ya utumishi wa umma na hawakuweza kufukuzwa, hivyo walisukumwa waondoke wenyewe: wakahamishwa mbali, wakabadilishiwa kazi bila mafunzo, wakashushwa vyeo. Taasisi ya uchunguzi iliyoanzishwa mwaka 2007 na vyama viwili vya wafanyakazi, SUD na CFE-CGC, ilihesabu wafanyakazi 35 waliojiua katika miaka ya 2008 na 2009. Desemba 2019 mahakama ya Paris iliitia hatiani kampuni pamoja na baadhi ya viongozi wake wa zamani kwa unyanyasaji kazini uliofanywa kama mfumo wa taasisi. Waliosukumwa namna ile walikuwamo katika kampuni ambayo wafanyakazi wake walikuwa pia wamiliki. Hisa hazikuwakinga. Waliohesabu vifo na kuvipeleka hadharani ni vyama vya wafanyakazi, na chombo chao hakikuhitaji hisa hata moja. Ndiyo maana nasema chama cha wafanyakazi-wanahisa hakiwezi kuwa mbadala wa chama cha wafanyakazi. Kikijaribu kuwa hivyo, ile shaka ya CGT ya mwaka 1967 itakuwa imethibitika.

Hata hivyo, upo mfano wa upande wa pili, nao unastahili kukumbukwa. Januari 2012 kampuni ya Free iliingia katika soko la simu za mkononi la Ufaransa kwa bei za chini mno, na mapato ya washindani wake yakatikisika. Uongozi wa France Télécom ulipendekeza kuwalipa wanahisa gawio la euro 1.40 kwa hisa kwa mwaka 2011. Mfuko wa hisa za wafanyakazi ukawasilisha azimio mbele ya mkutano mkuu kutaka gawio hilo lipunguzwe. Hebu tulitafakari jambo hili: wanahisa waliomba walipwe kidogo. Walifanya hivyo kwa sababu wao, tofauti na mwekezaji wa mbali anayeweza kuuza hisa zake kesho asubuhi, walijua kwamba fedha inayotoka kama gawio leo ndiyo ambayo ingejenga mitandao na kulinda ajira kesho. Azimio lilishindwa kwa kura. Lakini hali ya soko iliwapa haki: gawio la mwaka 2012 lilikuwa senti 78 za euro, na miaka miwili baadaye likawa senti 60. Wafanyakazi waliona mapema kile ambacho bodi ilikuja kulazimika kukikubali.

Hapa ndipo naiona thamani halisi ya vyama hivi. Thamani hiyo haimo katika kumtajirisha mfanyakazi, maana soko humtajirisha leo na kumfilisi kesho. Imo katika kuingiza ndani ya chumba cha maamuzi mtu ambaye maslahi yake hayaondoki siku bei inaposhuka.

Sasa tuje nyumbani, kwa kuwa kampuni hii ilifika kwetu. Desemba 2007 muungano ulioongozwa na France Télécom ulinunua asilimia 51 ya Telkom Kenya kwa dola za Marekani milioni 390, na jina la Orange likaanza kuonekana Nairobi, Mombasa na Kisumu. Baadaye sehemu ya serikali ya Kenya ilipungua, na Orange ikafikisha asilimia 70. Mwaka 2016 hisa hizo zote zilikuwa zimekwisha kuuzwa kwa kampuni ya uwekezaji ya Helios. Fundi wa Telkom Kenya aliingia katika kampuni ya kimataifa kwa mkataba uliosainiwa bila yeye, akatoka kwa mkataba mwingine wa aina hiyohiyo. Katika miaka hiyo, Paris ilikuwa na vyama, mifuko, mabaraza na sheria ya mjumbe wa bodi. Kampuni ya kimataifa huvuka mipaka kwa urahisi; haki za wafanyakazi-wanahisa huchelewa forodhani. Hata pale kampuni za Ufaransa zinapofungua mipango ya hisa kwa matawi ya nje, mfanyakazi wa Afrika anakutana na bei ya euro, mshahara wa shilingi au faranga, na mkutano mkuu unaofanyika Paris. Kwa hiyo wenye hisa nyingi miongoni mwa wafanyakazi hubaki kuwa wale wa makao makuu, na chama chao kinaweza kwa moyo mkunjufu kupigia kura uuzaji wa tawi la mbali.

Na Tanzania je? Sisi tulijaribu kinyume chake. Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970 ulianzisha mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma. Mwongozo wa TANU wa 1971 ukaenda mbali zaidi kwa kukataza kiburi, ubadhirifu na dharau za viongozi kazini. Wafanyakazi waliusoma Mwongozo kwa makini kuliko walivyotarajia waandishi wake. Migomo ikafuatana, na mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha Mount Carmel Rubber jijini Dar es Salaam walimwondoa mwenye kiwanda wakakiendesha wenyewe. Muda si mrefu dola ilifunga mlango huo. Waliojaribu kuiga walikabiliwa kwa nguvu. Wafaransa walipewa hisa bila sauti. Sisi tulipewa sauti bila hisa, na ilipopazwa ikanyamazishwa, kwani mwenye hisa zote, yaani dola, alikuwa pia mwenye polisi.

Ubinafsishaji ulipokuja, mabaraza yale hayakuwa na nguvu ya kuuliza lolote la maana. Mwaka 2001 asilimia 35 ya TTCL iliuzwa kwa wawekezaji wa nje. Mwaka 2016 serikali ikazinunua tena hisa hizo. Mwaka 2017 Vodacom Tanzania iliuza asilimia 25 ya hisa zake kwa umma kupitia Soko la Hisa la Dar es Salaam, kama sheria ilivyotaka. Mwaka huohuo sheria ya madini ilibadilishwa ili serikali ipate angalau asilimia 16 katika migodi mikubwa. Mwaka 2019 yakafikiwa makubaliano ya serikali kuwa na asilimia 49 ya Airtel Tanzania. Siyabezi mafanikio haya. Ninachosema ni kwamba mjadala wetu wote kuhusu kampuni za kimataifa umewazunguka wamiliki wawili: dola, na mwananchi mwenye akiba ya kununua hisa sokoni. Mchimbaji aliye shimoni na fundi aliye juu ya mnara wametajwa kama ajira, kama idadi katika hotuba. Kama wamiliki wenye kura, hawatajwi.

Kwa wanafunzi, wanaharakati na watumishi wa umma wanaosoma hapa, naona maswali matatu ya kuulizwa kila mara serikali inapokaa mezani na mwekezaji. La kwanza: wafanyakazi wana hisa ngapi, na kura za hisa hizo zinapigwa na nani? La pili: je, sheria itawaruhusu waunde chama chao kisichoteuliwa wala kugharimiwa na menejimenti, chenye haki ya kuona hesabu na kuuliza maswali katika mkutano mkuu? La tatu: tawi likiuzwa, wafanyakazi wake watashirikishwa kabla au watasoma gazetini? Kwa upande wao, vyama vya wafanyakazi vina la kujifunza kutoka kwa ADEAS na wenzake, nalo ni kwamba kusoma mizania ya kampuni ni silaha ya mapambano sawa na mgomo.

Ni zaidi ya nusu karne tangu Dar es Salaam na Paris zijibu swali lile kila moja kwa namna yake. Majibu yote mawili yalipungukiwa na kitu kilekile: mfanyakazi mwenyewe kuwapo pale uamuzi unapofanywa, akiwa na mali na usemi kwa pamoja. Hilo halitaletwa na mwekezaji, na historia ya Mwongozo inatufundisha kwamba tusitarajie dola ilitoe bila kudaiwa.